Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama, karibuni.

Mwaka jana tulikubaliana kwamba chama chetu cha Waswahili hapa New York kisiishie kwenye pilau na michango ya misiba. Kamati ikapendekeza tukatazame sanamu za wasanii wa China wa zama hizi. Wapo walioguna, nawakumbuka.

Tulianzia bustani ya Storm King, mwendo wa saa moja hivi kaskazini mwa jiji. Basi tulilokodi lilichelewa, na katibu ameshawaandikia wahusika. Tulikwenda kumwona Buddha wa miguu mitatu wa Zhang Huan, kazi ya mwaka 2007: shaba na chuma, tani 12, kimo kama mita 8 na nusu. Kuanzia kiunoni kwenda juu hana kitu. Mguu mmoja umekanyaga kichwa kilichojitokeza nusu ardhini, na tulibishana sana kama kinazama au kinaibuka. Wazo lilimjia Zhang Huan baada ya kukuta Tibet vipande vya sanamu za Buddha zilizovunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, enzi za Mao, mambo ya kale yalipopigwa vita.

Mzee wetu mmoja, aliyekuwa fundi bati kabla hajaja huku, hakujali ubishi huo. Aliizunguka sanamu mara tatu akifuata maungio ya mabamba ya shaba kwa macho, kisha akaanza kutueleza. Waliokuwa wameguna ndio waliomsogelea kwanza.

Ndiyo maana safari ya pili nilimwomba atangulie yeye. Tulikwenda jumba la makumbusho la Metropolitan, kwenye ua wa Kichina uliojengwa na mafundi kutoka Suzhou na kufunguliwa 1981. Mawe yake yenye matundu si sanaa ya leo, lakini bila kuyaona huwezi kumwelewa mchongaji Zhan Wang. Tangu 1995 yeye hufunika mawe ya namna hiyo kwa mabamba ya chuma cha pua, akayagonga mpaka yashike kila mkunjo, akayabandua, akayachomelea na kuyang'arisha kama kioo. Jiwe lililopendwa kwa ukongwe wake sasa linakurudishia sura yako. Kwangu mimi huyu ana utani mkali kuliko Zhang Huan, ingawa wengi wenu hamkubali.

Hesabu atasoma mweka hazina. Vijana wanataka mwakani twende Vancouver, Kanada, kwenye sanamu 14 za shaba za msanii Yue Minjun, wanaume wanaocheka bustanini Morton Park. Mweka hazina ameshatikisa kichwa, lakini hoja iko mezani.