Kwa Nini Unga Namba 600 Haulingani na Msasa Namba 600

Lalamiko tunalolisikia sana dukani ni hili: mteja kasaga ukingo wa chupa kwa unga wa silikoni kabaidi (chenga ngumu za kusagia) namba 600 mpaka ukalainika, kisha akapitisha msasa wa maji namba 600 ili amalizie, na ukingo ukaharibika upya. Msasa hauna kasoro. Namba za unga zina kipimo chake, huandikwa kwa herufi F, na za msasa zina chake, herufi P. Kwenye 220 hivi vipimo hivyo bado vinakaribiana, halafu vinaachana. Chenga ya F400 ina wastani wa maikroni 17 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ya P400 ina 35. F600 ni maikroni 9, P600 ni 26. Kwa hiyo mwenzake F400 ni msasa P1000, na mwenzake F600 ni P2000. Soma herufi kwanza, namba baadaye.

Kazi inayouliziwa zaidi ni chupa iliyokatwa kuwa bilauri. Kabla hujagusa unga, lowesha msasa P220 na upitishe mara chache kwenye kona ya nje na ya ndani ya ukingo. Kona kali ndiyo inayomeguka, na kila inapomeguka inabidi usage ukingo mzima mpaka ufikie kina cha pengo hilo.

Tafuta kioo bapa cha milimita 6, kama sentimita 30 kwa 30. Mafundi vioo huwa na mabaki. Kilaze juu ya kitambaa kilicholowa kisiteleze. Weka nusu kijiko cha chai cha unga F80 na kijiko kimoja cha maji, upate tope zito kama uji. Maji yakizidi, chenga hukimbilia pembeni. Yakipungua, chupa inakwama. Ishike chupa wima, isukume kwa kufuata umbo la namba nane, na uigeuze robo mara kwa mara, la sivyo upande mmoja utaliwa kuliko mwingine. Usikandamize: uzito wa mkono unatosha.

Sikiliza sauti. Unga mpya unanguruma. Chenga zikishasagika sauti hufifia, na kuanzia hapo unachosha mkono bure. Futa tope, weka unga mwingine.

Kusawazisha kunafanyika kwenye F80 peke yake. Paka ukingo wino wa maka pen, saga kidogo, tazama. Wino ukifutika mzunguko mzima, ukingo umekaa bapa. Baada ya hapo F220, F400 na F600 zinafuta tu alama za hatua iliyotangulia, dakika chache kila moja. Wapo wanaoruka F220 ili waokoe hela, nasi hatuwashauri: chenga ya F80 ni kubwa zaidi ya mara kumi kuliko ya F400, na vishimo ilivyoacha vitakula muda mrefu na unga mwingi kuliko ule uliotaka kuokoa.

Ukiona mkwaruzo mmoja mrefu kwenye ukingo uliokwisha kulainika, chenga nene imebaki mahali. Osha chupa, mikono na chini ya kucha kila unapobadilisha namba, na tenga kioo kimoja kwa unga mnene, kingine kwa mwembamba. Kioo cha kusagia nacho huliwa. Kikibonyea katikati, kitupe.

F600 inaacha ukingo mweupe kama ukungu, laini kwa midomo. Ukitaka ung'are kabisa, silikoni kabaidi haikufikishi huko. Inahitajika oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia glasi, kwenye kitambaa cha felti.

Unga huohuo wa F80 unanyoosha kinoo kilichobonyea, kile kinachofanya bapa la randa linoleke kwa mviringo. Chora mistari ya penseli usoni, saga juu ya kioo mpaka mistari yote iishe, kisha malizia uso laini kwa F220.

Usiutumie kwenye mbao, kwani chenga huingia vinyweleoni na hazitoki; hapo tumia msasa wa kawaida wa mbao. Shaba na alumini nazo ni laini, chenga hujichimbia humo. Chuma kwa mkono ni sawa, ila kwenye mashine ya grinda chagua jiwe la oksidi ya alumini, maana kwa joto kali silikoni kabaidi humenyuka na chuma na kuwa butu haraka.

Vaa barakoa unapomimina unga mkavu, na usage ukiwa umelowa muda wote, kwani vumbi la glasi si la kuvutwa. Tope usilimwage kwenye sinki: linatuama kwenye kona ya bomba na kuganda. Osha vitu kwenye ndoo, acha maji yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu nje, kisha zoa masalia kwa gazeti uyatupe na taka.