Gitaa bila mwimbaji nalo lisikike

Mhariri,

Mwaka juzi bendi niliyokuwa nikiipigia gitaa la solo ilivunjika, na miezi miwili baadaye nikamzika mama. Nilijifungia chumbani kwangu Chumbageni, hata nyuzi sikuweza kuzigusa. Nilipoanza tena nilipiga usiku tu, noti moja moja, nikiiacha ilie hadi ife yenyewe. Mvua ya kwenye bati ikaingia kwenye simu niliyorekodia. Sikuifuta, maana ndiyo iliyokesha nami. Zimetoka nyimbo sita, hazina ngoma wala maneno.

Redioni naambiwa, "Leta yenye mwimbaji." Tanga hii iliyolea bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz inajua kusikiliza gitaa. Watangazaji, tupeni walau nusu saa, hata usiku wa manane.

Mpiga gitaa,
Tanga