Mwanamke Hakuletwa Vitani na Mitambo

Mhariri,

Kila usajili wa makurutu unapotangazwa hapa Nakuru, hoja ile ile hurudiwa kwenye matatu na hata nje ya kanisa: kwamba wasichana wanakubaliwa jeshini kwa sababu vita vya siku hizi ni vya kubonyeza vitufe, na kwamba zamani, askari alipotegemea nguvu za mwili, hawangeweza. Ninaishi Lanet, jirani na kambi, nami nimefunza historia kwa miaka mingi. Hoja hiyo inanikera kwa sababu si kweli.

Wafaransa walipoivamia Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi katika nchi ya Benin ya leo, mwaka wa 1892, walikabiliwa na vikosi vya wanawake waliopigana ana kwa ana kwa bunduki na mapanga. Miaka 50 baadaye, Muungano wa Kisovieti ulipeleka vitani kikosi nambari 588 cha kudondosha mabomu usiku, ambacho marubani wake, na hata mafundi wake, walikuwa wanawake. Ndege zao zilikuwa za mbao na turubai, za mwendo wa pole, zilizoundwa kwa ajili ya wanafunzi wa urubani. Mafundi hao waliyabeba mabomu kwa mikono yao gizani na kuyafunga chini ya mabawa, kisha ndege iliporudi wakaanza upya, mara kadhaa kabla ya mapambazuko.

Hapa kwetu, Muthoni wa Kirima alianza kwa kuwapelekea wapiganaji wa Mau Mau chakula na habari, akaingia msituni mwenyewe, akapanda hadi cheo cha fildi mashali, wala hakutoka hadi uhuru mwaka wa 1963.

Nionavyo mimi, serikali ndizo zilizochelewa kuwaandika wanawake, kuwapa vyeo na kuwalipa. Kenya iliwaweka katika kikosi chao cha pekee tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikavunjwa mwaka wa 1999 ndipo wakaingizwa katika majeshi yote. Mwezi Mei 2024, Fatuma Gaiti Ahmed alikabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi yetu matatu.

Waliojiunga na kikosi kile cha kwanza sasa ni nyanya. Ninaliomba gazeti lako liwatafute na kuwahoji, wasimulie wenyewe walifunzwa nini, walinyimwa nini, na walirudi nyumbani na nini.

Mwalimu mstaafu,
Lanet, Nakuru