Wifi, kopo lako nililimwaga

Wifi,

Salamu zako za Idi kaka yako amenifikishia. Naandika hapa kwa sababu namba yangu umeifunga, na najua huku unapita.

Mtoto hajambo. Ameota meno mawili, na akicheka ni marehemu mtupu, mama anashindwa hata kumtazama. Zile nguo zote zimemkaa. Tangu tumzike mdogo wako aliyemzaa, hakuna aliyetukumbuka kwa vitu kama wewe, hilo nalisema popote.

Sasa kopo. Yale maziwa ya unga uliyompa yule kijana wa Houston atuletee, uliyopata kwenye kanisa la huko kwenu wanakogawa chakula bure, yalikuwa mazuri isipokuwa kopo moja. Limebonyea ukingoni, na tarehe imepita miezi miwili. Nililimwaga chooni. Wewe uko kwenye simu, spika wazi, wanawake wamejaa sebuleni siku ya arobaini, ukasema: "Hata kunyonyesha hujawahi, utajua nini cha mtoto?" Mama akainamia sinia la mchele. Shangazi wa Tandika akacheka.

Miaka yote ya ndoa yangu unajua nilivyohangaika. Ulinisindikiza Muhimbili wewe mwenyewe!

Nitajua nini? Najua huko kwenu Marekani vyakula vingi sheria ya taifa haivilazimishi kuandikwa tarehe, ila maziwa ya wachanga yanalazimishwa. Tarehe ikipita hakuna anayekuhakikishia kwamba virutubisho vilivyoandikwa bado vimo. Najua mwaka 2022 makopo ya kiwanda cha Sturgis, Michigan, yalirudishwa kwa hofu ya bakteria wa Cronobacter. Unga wa maziwa hata ukiwa mpya unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzi 70. Nachemsha, naacha yasizidi nusu saa, nachanganya, kisha chupa naipoza kwenye bakuli la maji baridi. Akiacha, namwaga. Umeme wa Mbagala ukikatika, friji ni kabati tu.

Mnaita ufujaji. Kopo la gramu 400 halifiki wiki, na duka la dawa halikopeshi, kwa hiyo anayeumia kumwaga ni mimi. Wapo walionishauri nizidishe maji ili lidumu. Mtoto ajae tumbo huku analala njaa? Mama naye alitaka tumpe maziwa ya ng'ombe ana miezi miwili. Nikakataa, akaninunia hadi mfungo. Mlitaka nikubali lipi ili nionekane mzazi?

Ukienda tena pale kanisani, chukua. Msaada si aibu. Ila geuza kopo usome tarehe chini, pitisha kidole ukingoni, na lililofunguliwa usilipokee hata akikupa mchungaji. Siku hizi ameanza uji, kwa hiyo usijibane sana. Unga nasaga mwenyewe. Karanga nazichambua moja moja, zenye ukungu natupa, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara iliua watu. Na hapo pia nimeitwa mjuaji.

Jumapili mama atakuwa hapa, na Shangazi wa Tandika anakuja. Piga kwa simu ya kaka yako. Nitaweka spika, lile neno ulifute mbele ya waliolisikia.