Mjomba, usinunue stata nyingine

Shikamoo Mjomba.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikigusia habari ya Hilux unaniuliza kama nimekula. Sasa nasikia umepata mtu wa kukuuzia stata nzima ya mtumba, kile kifaa cha kuzungusha injini mpaka iwake. Kabla hujatoa hela, nisikilize.

Miaka miwili hiyo pikapu inalala mteremkoni. Asubuhi unaiacha ishuke, gia ya pili, unaachia klachi, inawaka. Ukiwa mnadani kwenye tambarare, unaita vijana na kuwanunulia soda. Betri umebadilisha mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa nzima, Mjomba. Mimi ndiye niliyeichukua, na mpaka leo inawasha taa bandani kwa kuku wangu.

Siku ya harusi ya binti yako nilikuomba uwashe taa kubwa, halafu ugeuze ufunguo. Ikalia "tak" moja, basi. Taa ukutani hazikufifia. Betri ingekuwa imechoka, zingefifia, au tungesikia "tatatata" mfululizo. Stata ingezunguka yenyewe bila kugeuza injini, ningeshuku bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika injini. Isingelia kabisa, ningeanzia kwenye swichi na ule waya mwembamba. Lakini "tak" moja, taa zikiwaka vizuri, kisha mara ya nane inashika kama vile haikuwa na tatizo? Hizo ni shaba za ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa iliyo kwenye stata.

Ziko mbili. Moja imefungwa waya mnene wa betri, nyingine inapeleka umeme kwenye mota ya stata. Ukigeuza ufunguo, plunja, yaani chuma kinachosogea humo ndani, yenye kisahani cha shaba inavutwa na kuziunganisha. Hiyo "tak" ndiyo plunja ikigonga. Kila ikigonga, cheche zinakula shaba kidogo kidogo, hasa ya upande wa betri, mpaka kisahani kinagusa moja na nyingine hakiifikii. Mota yako ni nzima, inanyimwa umeme tu.

Mwenye mita athibitishe. Gia iwe fri, hendibreki juu, wewe shikilia ufunguo. Apime kwenye nati ya waya wa betri, kisha kwenye nati ya waya unaoingia kwenye mota. Ya kwanza ikisoma volti 12 au karibu yake, na ya pili sifuri, huku "tak" imesikika, hapo hakuna ubishi.

Fundi aliyekuambia stata imekufa hakuifungua. Simlaumu sana, maana kuuza ni rahisi kuliko kufungua kitu kilichoganda matope na oili. Ila hiyo ya mtumba nayo ina shaba zilizokwisha gongwa miaka na mwenye gari mwingine!

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Kwanza natoa waya hasi wa betri, maana ule mnene wa stata hauna fyuzi na spana ikigusa bodi utaona moto. Nashusha stata, nafungua kifuniko cha solenoidi, nabadilisha shaba zote mbili na kuhakikisha zimekaa usawa mmoja kabla ya kukaza. Kisahani kikiwa kimeliwa, plunja nayo tunabadilisha. Kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, nitazitazama humo humo.

Nakuja Jumamosi na shaba mfukoni. Ila safari hii paki kwenye tambarare, Mjomba. Siingii chini ya gari lililoegeshwa mteremkoni.