Kabla hujaanza safari ya Njombe, pima betri

Mwanangu,

Mama yako kaniambia gari lako siku hizi haliwaki asubuhi mpaka vijana wa jirani walibusti. Mimi uliniambia liko salama. Haya.

Pima hiyo betri kabla ya Ijumaa. Nunua mita ya mafundi umeme, ile ya bei ya chini inatosha. Gari lilale limezimwa usiku kucha. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, fungua boneti, weka mita upande wa DC kwenye 20, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ukikuta volti 12.6, imejaa. 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, usinipigie kuniambia utajaribu hivyo hivyo. Kisha mtu apige stata wewe macho kwenye mita: ikiporomoka chini ya 9.6, imechoka, hata kama mwanzoni ilijidai imejaa. Injini ikishawaka, isome kama 13.7 hadi 14.7. Isipofika hapo, ikaguliwe alteneta kwanza, ile inayochaji betri, usije ukatupa hela ya betri mpya.

Wewe unakagua hesabu za kampuni za watu, na nikikutaja hapa kijijini kila mtu anajua, lakini boneti lako mwenyewe hujalifungua tangu ulinunue.

Joto la Dar ndilo linaloila betri, ila huku ndiko itakakoumbuka. Mwezi huu wa saba tunaamka na sakitu kwenye majani. Oili inakuwa nzito, stata inadai nguvu, na betri kwenye baridi nayo inapungukiwa. Na gari lako ni otomatiki, mama, halisukumwi likawaka. Mikumi usizime injini eti upige picha twiga. Utashuka umwombe nani msaada, nyati?

Kwenye vichwa vya betri ukiona unga mweupe au wa kijani, osha kwa maji ya moto yenye magadi. Fungua hasi kwanza. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Kiberiti kikae mbali, betri inatoa gesi.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi kala hela kahama. Parachichi tumeuza, zilizobaki ni zako. Mama yako anataka nazi, na safari hii usimletee zilizokunwa.

Nitumie picha ya mita Alhamisi. Si ukiwa Chalinze.

Baba yako