Barua kwa Hemedi: iteremshe darubini mpaka nne

Reading, Uingereza
9 Novemba

Kwako sahibu yangu Hemedi,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika, na mama watoto ndiye aliyeifungua kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. Ati umenunua darubini ya 3-9x40 (inakuza mara tatu hadi tisa, kioo cha mbele milimita 40), ukaifunga juu ya bunduki yako ya easofti, mchezo wetu wa kupigana kwa punje za plastiki, ukaizungusha mpaka tisa, na sasa unawakosa watu ambao ukilenga kwa jicho tupu ulikuwa ukiwapata. Unaniuliza kama darubini ni mbovu au ni macho yako yamezeeka. Vyote viwili vizima. Kilichokupoteza ni hiyo tisa, na kuianza kazi kwa nyuma.

Darubini inakuonyesha mahali bunduki inapotazama, basi. Punje ya plastiki ya milimita 6 ina safari yake nyingine kabisa. Tisa aliwekewa mwindaji anayempiga mnyama aliye mita 200, na risasi ya kweli. Sisi katika misitu ya huku tunapigana kati ya mita 30 na 70. Ukiwa kwenye tisa, mita 50 mbele yako unaona upana wa kama mita mbili tu. Mtu akihama mti mmoja umeshampoteza, na utabaki ukipepesa mtutu huku na huku ukimtafuta. Halafu kuna mwanga. Gawanya 40 kwa 9: mwali unaoingia jichoni una upana wa milimita 4.4. Gawanya 40 kwa 4: milimita 10, zaidi ya inavyoweza kupokea mboni ya jicho lako. Mwezi huu wa Novemba, saa tisa alasiri chini ya misonobari, tofauti hiyo utaiona bila kuambiwa. Kwa hiyo iteremshe mpaka nne uiache hapo. Kuna sababu nyingine ninayoithamini kuliko hizo: kwenye nne unaiona punje ikiruka. Nunua nyeupe, uitazame mwanzo hadi mwisho. Hakuna mwalimu mwingine wa shabaha katika mchezo huu.

Sasa iache darubini kwanza, tushughulike na punje. Kama bado unatia zile za gramu 0.20, wagawie wenye bunduki za kumimina punje mfululizo. Wewe tafuta za 0.40 au 0.43. Najua utabisha kwamba nzito huenda polepole. Mdomoni mwa mtutu, kweli: kwa bunduki yenye nguvu ya jouli 2.3, ya gramu 0.20 hutoka kwa mita 152 hivi kwa sekunde, na ya 0.40 kwa mita 107. Lakini hewa huikaba nyepesi mapema. Nimezipigia hesabu zote mbili: mita 30 zinafika karibu pamoja, na mita 60 nzito inatangulia, inafika baada ya kama sekunde moja, nyepesi ingali njiani inatangatanga.

Hiyo sekunde moja uiweke akilini, maana ndiyo inayoleta mambo mengi. Mtu anayekimbia mwendo wa kawaida huvuka mita tatu au nne kwa muda huo, kwa hiyo ukimwekea msalaba wa darubini kifuani umempiga mtu ambaye hayupo tena. Na upepo! Upepo wa mita mbili kwa sekunde unaovuma kutoka pembeni, ule unaotikisa majani tu, huipeleka punje yako kando karibu mita nzima ukilenga mita 60. Siku za upepo mimi hungoja utulie, au nasogea karibu. Wanaojidai kuupima kwa macho wengi wao wanabahatisha.

Ukishachagua uzito mmoja, usiubadilishe, urekebishe hopapu. Unajua kazi yake: kile kipande cha mpira ndani kinaikwaruza punje kwa juu inapopita, inatoka ikizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo unaibeba hewani. Ni jambo lilelile linaloufanya mpira wa kona ukate hewani kuingia golini, na Mjerumani Gustav Magnus alilieleza mwaka 1852, kabla hajazaliwa yeyote wa kucheza easofti. Ikizidi, punje inapanda juu ya vichwa vya watu. Ikipungua, inaanguka mapema. Unayoitaka ni ile inayokwenda sawa kama imetandikwa kwa kamba, inainuka kidogo tu karibu na mwisho, kisha inashuka. Fanya hivyo ukiwa umefunika darubini kabisa, na uipashe bunduki kwanza kwa kupiga kidogo. Mpira ukiwa na baridi ya asubuhi ni mgumu, haushiki sawasawa.

Hapo ndipo darubini inapopata zamu yake. Weka boksi kubwa la karatasi mita 20, piga, sogeza alama mpaka ikae karibu, kisha lipeleke mita 50. Laza bunduki juu ya mfuko au mkoba, usiishike kwa mkono mtupu. Piga kumi kabla hujagusa kitu, utafute katikati ya hizo kumi, ukisogeza usogeze kuelekea hapo. Nimewaona watu wazima wanaifukuza kila punje: moja imekwenda kulia, wanazungusha kushoto, ya pili imekwenda kushoto, wanazungusha kulia, jioni inaingia bado wako palepale. Punje hata ya bunduki nzuri hutawanyika. Na ukizungusha, zungusha kwelikweli. Kliki moja ya kifundo cha darubini, kama ni ya robo MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), inasogeza kama milimita tatu na nusu tu kwenye mita 50. Ukiwa umekosa kwa sentimita 20, hizo ni kliki zaidi ya 50, na ukizungusha nne ukaona hakuna kilichobadilika usiseme umeuziwa kimeo.

Vile vinukta na vistari vilivyo chini ya msalaba, nambari zake ni za risasi za kweli, ambazo njia yake haifanani na ya punje yetu. Nambari zisahau, vistari vitumie: piga mita 60, kisha 70, utazame punje imepita kistari kipi, uandike kwenye karatasi uibandike kitakoni. Ukibadilisha hopapu hata kidogo, karatasi hiyo imekufa; anza upya.

Lingine ambalo wengi hawalitilii maanani: usiiinamishe bunduki. Nguvu inayoibeba punje inaelekea kule uliko mgongo wa bunduki, kwa hiyo ukiilaza kidogo kulia, punje nayo inakata kulia. Ukilala nyuzi 10 tu, mita 60 mbele umekosa kwa zaidi ya nusu mita, na utalaumu upepo uliokuwa haupo. Vinauzwa vipimamaji vidogo vya kufunga kwenye darubini. Nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni mapambo, sasa changu sikitoi. Darubini yenyewe pia iwe imefungwa wima, uzi wa msalaba ukishuka sambamba na bunduki. Ning'iniza kamba yenye uzito ukutani uilinganishe nayo, bei yake ni bure.

Kuhusu paralaksi uliyosoma ukakosa usingizi, yaani kosa la shabaha linalokuja jicho likitoka katikati ya kioo: darubini yako imewekwa kwa yadi 100, na ukilenga mita 50, jicho likiwa pembeni kabisa mwa kioo, kosa lake halifiki sentimita moja. Punje zako zinatawanyika zaidi ya upana wa sahani. Lala.

Barakoa ndiyo itakayokusumbua, na muuzaji hawezi kukwambia. Jicho linataka kukaa sentimita nane au tisa nyuma ya kioo, katikati sawasawa, shavu likiwa limeegemea kitako. Wavu wa chini ya uso hauliachi shavu lifike, na miwani inasukuma kichwa nyuma, matokeo yake unaona kivuli cheusi pembeni mwa picha na unalenga kwa kukisia. Nunua pete ndefu za kuinulia darubini, bandika sponji ngumu juu ya kitako, na kwa chini ya uso vaa barakoa yenye shavu la kitambaa. Miwani haivuliwi kwa sababu yoyote ile, hata wangesema mchezo umesimama. Kioo cha mbele cha darubini nacho kifunike kwa kipande cha plastiki ngumu angavu. Punje moja tu inatosha kukivunja.

Na kabla hujaingia uwanjani, ipime bunduki kwa kronografu, kile chombo cha kupima mwendo wa punje, ukitumia punje zilezile utakazopigia, hasa kama bunduki ni ya gesi, maana hizo nguvu zake hupanda ukitia punje nzito. Sheria ya Uingereza ya 2017 imeweka mpaka wa jouli 2.5 kwa bunduki ya kupiga moja moja, viwanja vingi vinataka chini kidogo ya hapo, na kwa bunduki kama yako wanakukataza kumpiga aliye karibu kuliko mita 30. Kwa hao beba bastola ya easofti. Na Desemba ukienda Tanga, tafadhali, iache kabatini. Sitaki kupigiwa simu na shemeji yangu kwamba uko chumba cha forodha unaeleza maana ya mchezo.

Tazama juu ya kifundo cha kuzungushia uniandikie kilichoandikwa hapo. Kama ni robo MOA, hesabu niliyokupa ndiyo hiyo. Kama ni 0.1 mil, kipimo kingine cha pembe, kliki moja ni milimita tano kwenye mita 50, na nitakuandalia karatasi nyingine. Nitajie na aina ya mpira wa hopapu uliomo, nina mmoja wa ziada hapa.

Nisalimie wote nyumbani. Huku wanakusalimu.

Wasalaam,
sahibu yako Mbaraka